Sahani, Wavu, DNA au Vidole: Kipi Kinafaa Kununuliwa kwa Kusaka Kome Vamizi?

Kikundi cha kujitolea kinachotaka kulinda ziwa au mto dhidi ya kome vamizi kikienda kununua vifaa, kitauziwa kasha lililofungwa tayari: sahani za plastiki, kamba, wavu wa planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini), chupa za sampuli, lenzi, na katika makasha ya bei ya juu, vichujio vya DNA ya mazingira, yaani chembe za urithi ambazo viumbe huacha majini. Kasha linapendeza. Kazi ikianza, nusu ya vilivyomo huishia stoo. Tathmini hii inapitia kila kifaa kwa kipimo kimoja tu: mikononi mwa watu wasio na maabara yao, je, kitamfichua kome wakati bado kuna la kufanya?

Wakati huo ni mfupi. Kome milia (Dreissena polymorpha) na kome kwaga (Dreissena rostriformis bugensis), wote wenye asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi, humwaga mayai na mbegu moja kwa moja majini, na jike mkubwa anaweza kutoa mayai yanayofikia milioni 1 kwa msimu. Lava wao, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai, anayeitwa veliga, huelea kwa wiki 2 hadi 5 hivi, kisha hutua na kujibandika kwa nyuzi. Wakishaenea, kuwaondoa ni vigumu. Machimbo ya Millbrook huko Virginia, Marekani, yaliwahi kusafishwa kabisa kwa kloridi ya potasiamu mwaka 2006, lakini hilo lilikuwa shimo dogo la maji lisilo na njia ya kutokea. Ziwa Mead, ambako kome kwaga waligunduliwa Januari 2007, ni bwawa kubwa la Mto Colorado, na huko kome wamebaki hadi leo.

Kabla ya kununua chochote, pima kalsiamu. Hata kipimo cha matone kinachotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo kinatosha kwa kuanzia. Maji yenye kalsiamu chini ya miligramu 12 hivi kwa lita kwa kawaida hayawafai kome milia, kwa sababu lava hukosa cha kujengea gamba. Yakizidi miligramu 25, hali inawafaa sana. Kikundi chenye maziwa kumi na watu sita kinaweza kuamua kwa kipimo hicho peke yake ni maziwa gani yaangaliwe kila mwezi na yapi mara moja kwa mwaka. Tahadhari moja: kome wa dhahabu (Limnoperna fortunei), aliyegunduliwa California Oktoba 2024 ikiwa ni mara ya kwanza Amerika Kaskazini, huvumilia kalsiamu ndogo kuliko hao wawili. Kwa hiyo pale anapotishia yeye, maji laini hayatoshi kukutuliza.

Sahani za kutegea

Hiki ndicho kifaa cha kununua kwanza, au kukitengeneza mwenyewe, maana hakuna siri ndani yake. Muundo wa kawaida ni sahani tatu au nne za PVC ya kijivu za sentimita 15 kwa 15, zenye unene wa milimita 6, zilizotobolewa katikati na kupangwa kwenye bolti moja ndefu yenye kitanzi juu. Kati ya sahani na sahani kunakaa kipande cha bomba cha sentimita 2 hadi 3 ili mwanya ubaki. Juu kuna kamba, chini kuna uzito wa kilo 2 au 3. Muundo mwingine ni kipande cha bomba jeusi la plastiki ya ABS chenye wavu mgumu wa plastiki uliokunjwa ndani. Bomba linafaa penye mkondo kwa sababu halipepei, lakini kulikagua ni kazi: wavu lazima utolewe na kukunjuliwa kila mara, na anayekagua kwa haraka ataruka hatua hiyo. Kwa ziwa, chagua sahani.

Ubora wa sahani za dukani unapishana sana, na kasoro zake zinajirudia.

Ya kwanza ni bolti na nati. Baadhi ya seti huja na vyuma vilivyopakwa zinki, nyingine na vitanzi vya shaba nyeupe. Zinki na shaba nyekundu ni sumu kwa kome (ndiyo maana rangi nyingi za kuzuia viumbe kwenye matumbo ya boti zina shaba), na shaba nyeupe nayo ni mchanganyiko wa hizo mbili. Ukitumia vyuma hivyo, umeweka dawa ya kufukuza kitu unachokitafuta, tena katikati kabisa, kwenye pembe ambako kome wachanga hupenda kujibana. Dai chuma kisichoshika kutu, au badilisha mwenyewe kabla ya kutega. Kamba nayo isiwe ile iliyowahi kupakwa rangi ya boti.

Ya pili ni ulaini. Sahani inayong'aa haishiki utando wa vijidudu haraka, na lava hutua kwa shida pasipo na utando huo. Ikwaruze pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka mng'aro uishe, halafu itege mapema, wiki tatu au nne kabla maji hayajafika nyuzi 12 za Selsiasi, joto ambalo kwa kawaida kome milia huanza kuzaa. Kwaga anaweza kuanza kwenye maji ya baridi zaidi, kwa hiyo penye hatari ya kwaga usisubiri kipimajoto.

Ya tatu ni rangi. Sahani nyeupe hupendeza kwenye picha, ila huota mwani upesi ikiwa juani. Kijivu au nyeusi ni bora, na kivuli ni bora kuliko rangi yoyote. Kome mchanga hukimbia mwanga. Hujificha upande wa chini wa sahani, pembezoni mwa nati, ndani ya nyufa.

Mahali pa kutega ndipo vikundi vingi hukosea, kwa kuchagua panapofikika badala ya panapoingiza kome. Kome wazima husafiri kwa boti, trela, magati yaliyonunuliwa yakiwa yametumika na mashine za kuinulia boti. Lava husafiri ndani ya maji ya kupozea injini na matangi ya samaki wa chambo. Sahani zikae karibu na mteremko wa kushushia boti, kwenye gati la wageni, na karibu na mdomo wa mto unaotoka ziwa lenye kome. Ifunge chini ya gati, ndani ya kivuli. Seti ya juu iwe mita 1 hadi 2 chini ya uso, seti ya chini iwe nusu mita juu ya tope; ikigusa tope imekufa kama kifaa. Katika ziwa linalogawanyika tabaka wakati wa joto, tabaka la chini hukosa oksijeni, na sahani iliyozama humo itarudi safi msimu mzima bila kukuambia lolote. Chukua kipimo cha oksijeni, au angalau cha joto kwa kila mita, kabla ya kukata kamba.

Mtoni mambo ni magumu zaidi. Mkondo hubeba lava na kuwatawanya, na mitikisiko huwaua wengi. Kome walioko mtoni mara nyingi hutegemea ziwa au bwawa lililo juu yao kuendelea kuletewa lava. Tega chini ya bwawa, nyuma ya nguzo ya daraja au gati ambako maji huzunguka taratibu, na tumia waya wa chuma kisichoshika kutu badala ya kamba. Kwenye kituo chenye mafuriko ya kila mwaka, tenga bajeti ya kubadilisha sahani. Zitapotea.

Ukaguzi ni mara moja kwa mwezi. Vuta taratibu, weka kwenye beseni jeupe, usisuuze. Pitisha vidole upande wa chini wa kila sahani: kome waliotua karibuni huhisika kama msasa au chembe za mchanga zisizong'oka. Mchanga wa kweli hutoka ukisugua, kome hukaa. Baada ya vidole ndipo lenzi yenye ukuzaji wa mara 10, kuanzia kwenye nati kwenda nje. Sahani moja ikaguliwe kwa dakika tano hivi. Anayemaliza seti nzima kwa dakika mbili ameangalia mwani. Ukimaliza rudisha majini bila kukwangua, kwa sababu utando ni sehemu ya mtego. Kila sahani ibaki kwenye ziwa lake maisha yake yote, na jina la ziwa lichomwe au lichongwe kwenye plastiki, maana wino hufutika.

Alama: 8 kati ya 10 kwa sahani za PVC zenye chuma kizuri, 4 kwa zile zenye zinki. Zinapungukiwa 2 kwa sababu ni eneo dogo mno la kutulia, na kome wachache wa mwanzo wanaweza kuchagua jiwe lililo hatua mbili pembeni.

Vidole, tochi na gati linalopandishwa nchi kavu

Upungufu huo unazibwa na njia isiyohitaji kununua karibu chochote. Katika nchi ambako maziwa huganda, magati na mashine za kuinulia boti hupandishwa nchi kavu kila vuli. Mguu wa gati uliokaa majini miezi mitano ni sahani kubwa kuliko zote zinazouzwa, na unakuja wenyewe. Kagua miguu, viungo, sehemu za chini za mbao, magurudumu na pembe za fremu ndani ya siku chache tangu vitolewe, kabla magamba hayajakauka na kudondoka. Kwa ziwa ambalo halina hata senti ya bajeti, hili pekee ni mpango unaostahili jina la ufuatiliaji.

Kwa ukaguzi wa ufukweni unahitaji viatu vya kuvukia maji, tochi, glavu nyembamba za mpira (nene huua hisia ya vidole) na ndoo yenye kitako cha kioo cha plastiki kwa kuangalia chini ya maji. Ndoo za dukani hukwaruzika baada ya msimu mmoja. Ya kutengeneza nyumbani kwa ndoo, kipande cha akriliki na gundi ya silikoni hufanya kazi ileile. Pindua mawe na urudishe kila moja lilivyokuwa. Andika muda uliotumia na urefu wa ufuko uliopita hata kama hukuona kitu. "Hakuna" iliyoandikwa pamoja na saa 2 na mita 150 ni takwimu. Ikiandikwa peke yake, mchambuzi hana la kuifanyia.

Kumtambua

Kadi za utambuzi zinazofungwa ndani ya makasha mara nyingi ni nzuri kuliko vifaa vyenyewe. Kadi inayofaa ionyeshe mambo matatu. Kwanza, kujibandika: katika maji yasiyo ya chumvi, kome mzima aliyejishikiza kwa nyuzi kwenye kitu kigumu ni dalili ya kupiga simu siku hiyohiyo, kwa sababu kome wakubwa wa asili huishi wamejichimbia kwenye mchanga bila kujibandika. Pili, tumbo la gamba: kome milia ana upande wa chini uliobapa, hivyo husimama ukimweka mezani, kwaga ni mviringo upande huo na huanguka. Tatu, milia yenyewe isiaminiwe. Wapo kome milia wasio na mlia hata mmoja, na kwaga weupe kabisa.

Wanaochanganya watu zaidi ni kombe wa jenasi Corbicula, mwenye gamba nene lenye matuta yaliyopangana na umbo la pembetatu, na kombe wadogo wa jamii ya Sphaeriidae, ambao ni wa rangi ya maziwa, wepesi, na hawajibandiki. Nyumba za mabuu wa wadudu zilizojengwa kwa mchanga nazo hukwaruza vidole vizuri tu. Zibonyeze: hubonyea.

Wavu wa planktoni

Huu ndio kifaa ghali kinachouzwa kwa maneno mengi na kutumiwa vibaya zaidi. Si kwamba haufanyi kazi. Septemba 2023 lava wa kwaga waligunduliwa Mto Snake, karibu na Twin Falls huko Idaho, kwenye sampuli za ufuatiliaji wa kawaida, na jimbo likaanza kutibu mto kwa dawa ya shaba ndani ya wiki chache. Sahani zisingetoa habari mapema hivyo. Lakini nyuma ya wavu ule kulikuwa na maabara inayosoma sampuli haraka. Kikundi kisicho na makubaliano ya maandishi na maabara, yanayosema sampuli ngapi zitasomwa na ndani ya siku ngapi, kitakusanya chupa za kukaa rafuni.

Kama maabara ipo, nunua wavu wenye matundu ya maikroni 63 au 64, mdomo wa sentimita 30, na urefu usiopungua mara tatu ya mdomo. Nyavu fupi za bei nafuu huziba upesi, na wavu ulioziba husukuma maji pembeni badala ya kuyachuja. Utaona maji yakifurika mdomoni unapouvuta. Kikombe cha kukusanyia sampuli kwenye ncha ya wavu kiwe cha kufungua kwa mkono. Vile vya skrubu ndogo vitakusumbua ndani ya boti.

Mvuto wa wima huanzia mita 1 juu ya sakafu ili usizoe tope, na hupanda polepole, karibu nusu mita kwa sekunde. Wavu wa mdomo wa sentimita 30 ukivutwa mita 10 huchuja, kwa hesabu, lita 700 hivi. Andika urefu wa kila mvuto, maana bila huo maabara haiwezi kukadiria wingi. Mwani ukiwa mwingi, fanya mivuto mifupi mitano badala ya mmoja mrefu. Suuza wavu kwa kumwagia maji kutoka nje kwenda ndani. Ukimwagia kupitia mdomoni unaongeza maji ambayo hayakupimwa.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu sampuli nyingi. Maabara hutambua veliga kwa mwanga unaopita vichujio viwili vya polaraizi (vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) vilivyopishana: gamba lake la kalsiamu hung'aa na kuonyesha msalaba mweusi katikati. Maji yakiwa na asidi, gamba huyeyuka, msalaba hupotea, na sampuli yenye kome inasomwa kuwa safi. Changanya sehemu 1 ya sampuli na sehemu 3 za ethanoli ya asilimia 95 upate zaidi ya asilimia 70, kisha ongeza bikaboneti ya sodiamu gramu 0.2 kwa kila mililita 100, na uhakikishe pH (kipimo cha asidi) iko juu ya 7. Makasha yanayoleta chupa bila bikaboneti yana kasoro ambayo mnunuzi hataigundua kamwe, kwa kuwa matokeo yake ni majibu ya "hakuna". Ethanoli huwaka moto, na wasafirishaji wana masharti yao: uliza kabla msimu haujaanza.

Asidi hiyohiyo ndiyo rafiki wa kusafishia. Wavu uliotoka ziwa moja uloweke kwenye siki ya asilimia 5 kwa saa 24 kabla haujaingia lingine, usuuze vizuri, ukauke. Kukausha peke yake huua lava, lakini mabaki ya gamba hubaki kwenye matundu na yanaweza kusomwa kama kome wa ziwa jipya. Siki hiyo hula vyuma vya bei rahisi, kwa hiyo pete ya mdomo iwe ya chuma kisichoshika kutu. Kama kikundi kina maziwa matatu na uwezo wa nyavu tatu, nunua tatu.

Alama: 7 kwa mwenye maabara, 2 kwa asiye nayo.

Kutoa taarifa

Hapa huduma inayostahili sifa ni hifadhidata ya spishi ngeni za majini ya Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS), iliyoko Gainesville, Florida. Hupokea ripoti za watu wa kawaida, wataalamu huzipitia, na spishi ikionekana mahali papya tahadhari hutumwa. Mwanzoni mwa 2021 ripoti ya mtu aliyekuwa dukani Seattle, aliyeona kome kwenye mipira ya mwani wa kupambia matangi ya samaki, ilifungua msako wa bidhaa hiyo katika majimbo mengi. Nyenzo yake ilikuwa macho.

Programu za simu zinazopendekeza jina la kiumbe kwa picha zinafaa kutunza tarehe na mahali, ila jina linalopendekezwa lisichukuliwe kuwa uthibitisho. Piga picha tatu zenye rula kando: ubavuni, tumboni kome akiwa juu ya sehemu bapa, na ndani ya gamba kwenye ncha. Dreissena ana kibati kidogo kama rafu ndani ya ncha hiyo. Kome wa dhahabu hana. Mweke kome ndani ya ethanoli au kwenye friza. Usimrudishe majini, na usimsafirishe akiwa hai.

Seti za DNA ya mazingira

Mtumiaji huvuta lita 1 hivi ya maji kupitia kichujio, hukihifadhi na kukituma. Ni nyepesi kubebeka, na nguvu yake ndiyo tatizo lake: boti iliyotoka jana ziwa lenye kome inaweza kuacha DNA bila kuacha kome. Seti yenye maana huja na vichujio vitatu kwa kila kituo, kimoja cha ziada cha kuchujia maji yaliyotoneshwa kama kidhibiti (kuonyesha kama vifaa vyenyewe vimechafuka), glavu za kubadilisha kila kituo, na maelezo ya hatua zinazofuata jibu likiwa "ipo". Kwenye maji ya matope kichujio huziba kabla ya nusu lita; andika kiasi kilichopita kweli, usilazimishe bomba la sindano mpaka karatasi ichanike. Jibu la "ipo" lisitangazwe hadi sahani, wavu au ukaguzi wa ufukweni upate kome mwenyewe, au sampuli za marudio zithibitishe.

Alama: 5, na iwe manunuzi ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza fedha hiyo inunue seti sita za sahani zaidi, na kipimajoto cha kuachwa majini kinachoandika joto chenyewe kila saa. Hicho hakimo kwenye kasha lolote la kawaida, na ndicho kitakachokuambia msimu wa kuzaa umeanza lini kwenye ziwa lako.